Kusawazisha Kutu

Umeme umekatika tangu saa kumi na mbili.
Kavugho ameweka daftari juu ya ndoo niliyoigeuza,
simu ameibana kwa kidevu ili tochi imulike,
na kesho Mwalimu Habamungu atamwita ubaoni,
yule asiyemsamehe mtu anayejibu "karibu".

"Mama, nipe maharagwe."
Nikadhani ana njaa.
Akachagua ya manjano, yale ya Masisi: haya ni chuma.
Akachagua meusi: haya ni oksijeni.
Kwa kipande cha makala akachora mshale sakafuni,
pale saruji ilipopasuka na jiwe la mlima likachungulia.

Kushoto, chuma na hewa.
Kulia, kutu.

Kutu naijua.
Bati hili nililinunua Birere miaka sita iliyopita,
liling'aa hata jirani akalalamika macho.
Mlima ukalipumulia kila usiku,
mvua ikashuka na pumzi ile ile,
na leo nyota nazihesabu nikiwa kitandani.
Sikujua kwamba jambo hili lina hesabu.

"Chuma kinakwenda kimoja kimoja," ananifundisha.
"Oksijeni haitembei peke yake. Ni mbili mbili,
kama wanafunzi wa masista wakienda misa."
Na kutu inataka vyuma viwili, oksijeni tatu.
Siyo nne. Siyo mbili.

Tukapanga.
Jozi moja: mbili. Ng'ambo wanadai tatu.
Jozi mbili: nne, na punje moja ikanibaki mkononi
haina mwenzake, haina pa kukaa.
Nikafanya anavyofanya mtu wa sokoni:
nikaisukuma taratibu ndani ya kutu,
nikatazama pembeni.

Akanipiga kofi la mkono.
"Aa, mama! Ile namba ndogo ya chini haiguswi.
Ukiigusa siyo kutu tena, ni kitu kingine.
Unaruhusiwa kuandika mbele tu.
Ngapi. Siyo nini."

Nikanyamaza.

Mwaka ule barabara ya Rutshuru ilipofungwa
bidoni za mawese hazikufika, na karo ya shule ilifika.
Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe kidogo,
nikamimina usiku, mlango nimeufunga.
Chupa kumi zikawa kumi na tatu.
Rangi ilikubali. Rangi hukubali kila kitu.
Siku ya pili mama mmoja alikuja na kikaango chake,
mkono umebabuka mpaka kiwiko,
akakiweka mezani pangu, hakusema neno,
akaondoka bila kudai faranga hata moja.
Kikaango kile bado ninacho.
Karo ilikuwa ya huyu aliyenipiga kofi.

"Mama, umelala?"
"Nahesabu."

Na kweli nilikuwa nahesabu.
Katika likelemba yetu yuko anayeleta kila siku ya pili,
yuko anayeleta kila siku ya tatu,
na mimi, mwenye daftari, najua siku wanayogongana mlangoni.
"Sita," nikasema.
"Sita nini?"
"Oksijeni. Weka jozi tatu. Kutu mbili."
Akanitazama, tochi ikateleza kidevuni,
tukawa gizani, nikamsikia akinong'ona:
kutu mbili, basi vyuma vinne. Vinne!

Tukazivusha mshale punje zile zile, kwa kupapasa.
Nne zikaenda. Sita zikaenda.
Nikafungua kiganja, nikakikung'uta.
Kitupu.

Alfajiri nikamkuta amelala shavu juu ya makala,
mshale umemchapa usoni.
Nikaziokota zote, chuma na hewa,
nikazitia sufuria moja.
Kumi. Hazimshibishi hata kuku.

Maji yalikuwa tele ndani ya pipa.
Nikafungua gunia.