Maji Bado Hayajaiva

Wiki tano tangi lilikaa na maji matupu
juu ya meza niliyoiranda mwenyewe, mbao ya msindano,
na Mama Chelesi wa nyumba ya pili akawa anachungulia:
"Mbona samaki wako hawaonekani?"
Maji bado hayajaiva, nikamjibu.
Akalipeleka hilo dukani, wakacheka mpaka sukari ikamwagika kwenye mzani.

Mwalimu Kihwele alikuwa amenielekeza:
maji ya bomba yalale ndooni siku mbili, dawa ipae;
changarawe usiweke, atazimeza;
taa kali usimwashie, hana kope.
Kisha uhamisho ukamkuta, Dodoma,
na Dodoma ni jua. Akaniachia.

Amefika leo mfukoni, aksolotli,
rangi ya uji wa ulezi uliozidishwa maziwa,
matamvua sita shingoni kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa,
na mdomo wa mtu aliyesikia umbea akaamua kunyamaza.

Sikummimina.
Nimeuelekeza mfuko ndani ya tangi, uelee,
nikachota kwa kikombe cha chai, kidogo, tena kidogo,
maji yale yajuane na haya.
Tulalumba akahesabu kwa sauti.
Cha tisa, mgeni akatoka mwenyewe,
akatembea mchangani kama anayekagua chumba cha kupanga,
akajiingiza chini ya kigae cha chungu
kilichovunjika mwaka ule wa msiba.

Nje ukungu umelala juu ya bati.
Juni hii ya Mafinga, tunayoitukana kila asubuhi
tukiwa tumelizunguka jiko,
yeye ndiyo anayoitaka.
Nimelisogeza jiko mbali naye. Nimevaa koti la pili.

Nyungunyungu wa kwenye samadi amemtema.
Haidhuru. Ugenini nani hula siku ya kwanza?

Mguu wake wa mbele, wa kushoto, aling'atwa na nduguye.
Pale pamechomoza kitu cheupe, kama jicho la kiazi.
"Vidole vinarudi, baba," Tulalumba akasema,
halafu akautazama mkono wangu,
ule ambao msumeno uliuachia vitatu,
akafunga mdomo.

Nikautia mkono huo huo majini, kupima baridi.
Akaja polepole, akanusa kigutu,
akakidaka: alidhani chakula!
Tulicheka, mimi wa kwanza.

Kisha umeme ukakatika, kichujio kikazimika,
tukakaa gizani, mtu na mwanawe,
tunasikiliza
kama kitu kisicho na sauti bado kinapumua.