Ukuta Mweusi wa Ama Yangdol

Siku fupi kuliko zote za Desemba
nilisimika ufito uani mwake,
nikafuata kivuli kwa chaki hadi alasiri.
Ama Yangdol akanikodolea macho kizingitini:
"Binti wa Lhundup kasoma miaka sita
aje kupima kivuli?"

Nikamwambia, jua la Ladakh wakati wa baridi
halipandi utosini. Hupita chinichini
kama mdeni anayekwepa mlango wa duka.
Ukilitaka, litegee kusini.

Nyumba yake ilikuwa na tundu moja, pana kama sinia.
Miaka arobaini ameokota samadi ya yaki,
akaichoma, akakohoa, akaokota tena.
Dari nyeusi tii.
Na mapafu, alisema daktari wa Leh,
ni ndugu wa dari.

Tukafyatua matofali ya udongo na mabua ya shayiri.
Mgongo wa nyumba tukauzika kilimani,
upepo ugombane na mlima, si na sisi.
Upenu nikaukata kwa vipimo vya chaki:
Juni jua ligonge paa liende zake,
Desemba liingie bila hodi.
Kioo cha kwanza kilivunjika juu ya lori,
cha pili kilikuja baada ya wiki tatu, na mkopo.

Masizi nikayakwangua darini mwake,
nikayakoroga na gundi,
nikaupaka ukuta wa kusini, nyuma ya kioo.
"Kwa hiyo moshi umeuhamisha tu," alisema.
Sikuwa na jibu.

Usiku wa kwanza, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
aliapa hatalala bila jiko.
Nikaondoka nimejiinamia.

Asubuhi kikapu cha samadi kilikuwa mlangoni, kimejaa pomoni.
Ndani, Ama ameegemea ukuta
kama mtu anayeegemea ng'ombe aliyelala,
anagonga kokwa za aprikoti, kiberiti hakijaguswa.

Mwanga ulikuwa umetambaa hadi pembe ya mwisho,
palipotundikwa picha ya mama mkwe
tangu siku alipoletwa bibi harusi.

Hakunishukuru.
Alielekeza nyundo kwenye picha:
"Miaka yote hii nilidhani amenuna.
Kumbe alikuwa anacheka."