Kabuti Namba Hamsini na Nane

"Kata kushoto penye duka la dawa,"
Ferit anajisemesha, usukani mkononi,
na anakata kushoto
penye kifusi kilichofagiliwa hadi kikawa uwanja:
mbwa mmoja, winchi tatu,
vumbi jeupe kama unga wa muhogo.

Antakya. Mto wake unaitwa Asi,
na kwao neno hilo lina maana ile ile ya kwetu.
Lakini usiku ule mto ulilala kitandani mwake.
Kilichoasi ni nchi kavu,
saa kumi na dakika kumi na saba, alfajiri ya Februari,
watu wamejifunika gubigubi.

Sikuja kutazama. Nimetumwa.
Sezgin, tunayekanda naye mikate zamu ya usiku kule Hamburg,
ana picha kwenye simu: risiti ya fundi cherehani,
namba hamsini na nane, kabuti, kubadilisha bitana,
na chini yake ujumbe wa babake:
"Nimebakiza lira mia na hamsini. Usijifanye hujaona."
Alijifanya hajaona.
Siku tatu tu. Alitaka kumtania mzee.

Bi Nebahat anashonea ndani ya kontena,
kati ya kinyozi na muuza sabuni.
Cherehani ni mpya, ya msaada, haipendi:
"Inakimbia kama imeiba."
Nyuma yake zinaning'inia nguo kumi na mbili, kila moja na kikaratasi chake:
gauni la harusi lisilo na zipu,
suruali ya shule iliyokuwa ipunguzwe kiuno,
joho la mtu mnene sana.
Alizifukua mwenyewe siku ya tisa, kwa koleo la kuazima,
akazifua hadi maji yakatoka meupe.
Wakamwambia, wagawie wasio na kitu.
"Zina wenyewe," aliwajibu. "Mimi si mrithi. Mimi ni fundi."

Aliniita misafir.
Kwao ni mgeni, kwetu ni mwenye safari;
yote mawili yalinienea.
Ferit akawa anatutafsiria kwa Kijerumani cha kuokoteza.

Nikamwonyesha picha.
Akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa,
akausoma mwandiko wake mwenyewe
kama aliyekutana na jirani ugenini.
Akalishusha kabuti. Akalipapasa kifuani.
"Bado."

Vifungo viwili vilikuwa bado.
Angevitia asubuhi ile.

Basi nikakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa
nikamtazama akitunga uzi.
Ukakosa tundu. Akaulowesha mate, ukakosa tena,
nami nisithubutu kunyoosha mkono.
Kifungo cha kwanza.
Cha pili alikitia, akakifumua, akakitia upya,
kilikuwa kimepinda kiasi cha punje ya ufuta.
Akakata uzi kwa meno.

Nikatoa noti ya mia tano, nikamwambia abaki nayo.
Alinitazama kama niliyemtemea mlangoni.
Mia na hamsini, alisema. Bei ya siku ile ni bei ya siku ile,
ingawa leo haipati nusu kilo ya nyama.
Akanihesabia chenji yote, noti moja imeungwa kwa gundi,
kisha akasema neno ambalo Ferit alifungua mdomo kulitafsiri
nikamzuia:
helal.

"Mwambie mikono itakuwa mifupi kwake,
mtoto yule alirefuka jeshini.
Akija mwenyewe nitashusha pindo.
Hilo silifanyi kwa picha."

Nje mvua ilikuwa imeanza, ya matope.
Nililikumbatia kabuti ndani ya koti langu, likanuka sabuni
na, kwa mbali, chokaa.
Nguo kumi na moja zilitikisika kidogo mlango ulipofungwa.

"Kulia, penye duka la dawa," Ferit akasema,
nami, Mungu ananiona,
nikageuza shingo
kutazama kama bado liko wazi.