Kurasa Nane

Bahasha ilifika Bodø siku ya theluji nyepesi,
kurasa nane, na kalamu ya bure ndani.
Swali la kwanza: ulivunja ungo ukiwa na miaka mingapi?
Kumi na miwili, naandika. Kiangazi.
Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mwamba
nikilibembeleza jua linipe rangi,
lile jua letu la Juni lisilokuchwa,
mama akaniita ndani, akanipa kitambaa,
akasema: sasa ujitunze.
Hakusema nijitunze na nini.

Mimba ngapi? Nne.
Watoto wangapi wako hai? Watatu.
Hapo kalamu ilisita. Kisanduku ni kidogo mno.
Vidonge vya uzazi: miaka tisa,
kila usiku baada ya mswaki.
Viraka vya homoni, hedhi ilipokoma: miaka miwili,
au mitatu. Nani ahesabuye jasho la usiku?

Doa lilikuwa kwenye shavu la mguu wa kushoto,
dogo kama mbegu ya tufaha.
Nilipombeba Sigve likakoza, likatanuka ukingo mmoja.
Mkunga akacheka: mimba ina mambo yake,
tazama, hata mstari wa tumbo umeingia weusi.
Kweli ulikuwa mweusi.
Ukafifia mtoto alipozaliwa.
Doa halikufifia.

Swali la ishirini na sita: umewahi kuungua na jua
hadi malengelenge?
Nacheka peke yangu jikoni.
Tenerife, mimi na dada yangu Borghild,
tulibambuka ngozi kama viazi vya kuchemsha.
Borghild hakuzaa, hakumeza kidonge, na mzima mpaka leo.
Mimi nina kovu la sentimita saba.
Lakini hiyo si hesabu, ni madada wawili tu.
Daktari Vollan anasema hata wao hawajui bado
kama homoni ndizo zinazowasha moto
au zilipita tu karibu na moshi,
ndiyo maana wanauliza wanawake maelfu.

Haya, waulize.
Ila la mgongo hawakuuliza.
Tangu Arvid afariki, nani anautazama mgongo wangu?
Naandika pambizoni, kwa herufi ndogo:
jirani yangu Oddny, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi,
mlango tumefunga, taa zote tumewasha,
yeye na miwani, mimi na baridi,
kidole chake kikitembea doa hadi doa:
hili nalijua.
Hili nalijua.
Hili, ngoja.