Hapa Vuai

Mestri Inasiyo, Mgoa wa Baghani,
asubuhi akihesabu magunia forodhani,
usiku akihesabu nota.
Karatasi ni zile zile:
mbele uzito, ushuru, muhuri wa serikali;
nyuma mistari mitano ya rula, wino wa zambarau,
na kila nota kichwa na kikonyo,
karafuu kabisa.

Machi aliyoamriwa, ya kumpokea Balozi mpya,
bendi iliipiga bustanini mara moja, vuli ikinyesha,
ngoma kubwa imelowa, inalia kama godoro.
Hiyo ndiyo iliyotajwa gazetini.

Za Minara Miwili hazikutajwa.
Kinanda cha huko kilikuwa na mapafu ya ngozi,
na nyuma ya pazia alisimama baba yangu,
Vuai wa Kikwajuni, akivukuta.
Mtaani wakamuuliza: Vuai, umebatizwa?
Akajibu: Nimeajiriwa.
Shilingi sita kwa mwezi. Pasaka, keki.

Baba hakusoma nota. Alisoma mgongo,
kwenye tundu la pazia:
bega la Mestri likipanda, upepo mwingi;
shingo ikilegea, kidogo kidogo,
kama unayepoza uji wa mtoto.
Na pahala pamoja, katikati ya ile ndefu ya Kwaresima,
mkono wa kulia ulikuwa ukifa ganzi.
Akabadili. Kinanda kikakata,
kiasi cha mtu kumeza mate,
kikarudi.
Mapadri walinung'unika.
Mestri hakusema neno.

Kisha ikaja mota ya umeme.
Baba akapewa ahsante na mwavuli.
Kinanda sasa hakichoki, hakikohoi,
kinakwenda tu, mfereji uliosahauliwa wazi.
Jumapili hizo baba alikaa barazani kwetu
na mikono yake hajui aiweke wapi.

Mestri alikufa kimya; jamaa zake wakasafiri,
makaratasi yakauzwa kwa ratili.
Moja limenifikia, limefungia bizari,
nimelikung'uta nje, nimepiga chafya.
Mbele: magunia arubaini, makonyo, daraja la pili.
Nyuma: Kwaresima. Na juu ya alama moja,
kwa Kiswahili, herufi za mtu wa ofisini:
*Hapa Vuai anabadili mkono.*

Mimi kinanda sikijui.
Nimempelekea mwalimu wa skuli ya muziki,
akaniambia alama ile ni ya kimya,
kifupi, robo tu:
mpigaji anyanyue vidole vyote kumi,
hata kama upepo upo.