Lita Sitini

Mume wangu Alojzy amenunua bahari.
Lita sitini. Ameiweka juu ya kabati la sahani
la mama yangu, ghorofa ya nne, hapa Zabrze,
ambako maji chumvi tuliyoyajua
ni ya kuchemshia viazi.

Kwanza alilipima kabati kwa pima-maji, mara tatu,
kama mtu aliyewahi kuona dari likishuka.
Akaleta chumvi kwenye ndoo, ya bei
ambayo hata nyama hatuinunulii,
na maji yaliyochujwa mpaka yakasahau bomba.
Akakoroga. Akapima. Akakoroga.
"Moja nukta sifuri mbili tano," akasema,
kwa sauti aliyotumia zamani kutaja uzito wa watoto wetu
walipozaliwa.

Basi nikangoja samaki.
Wiki ya kwanza: mawe.
Wiki ya pili: mawe yale yale.
Dada yangu Adelajda alikuja kunywa kahawa,
akakitazama kioo, akanitazama mimi,
akauliza kama televisheni imeharibika.
Alojzy akatueleza habari za amonia,
sumu inayoliwa na vijidudu visivyoonekana,
navyo vikaacha sumu nyingine, ikaliwa na vingine,
hata maji yakomae.
Miaka ishirini na minane alichimba makaa chini ya ardhi.
Anajua hewa usiyoiona ndiyo inayoua.
Sikubishana.

Wiki ya tano kila kitu kikageuka kahawia:
mchanga, kioo, shingo ya pampu,
rangi ya supu iliyolala.
Nikamwambia, tupa. Akaniambia, subira huvuta heri.
Nikamwambia, heri haijafika, bili ya umeme hii hapa.

Wakaja konokono sita, wafagizi wasiodai mshahara,
na kaa mmoja mpangaji
anayehama nyumba kila akinenepa.
Kisha tumbawe, dogo kama kifungo cha koti.
Likajifumba siku nne.
Siku ya tano likafungua vidole.
Mwisho samaki wawili, rangi ya chungwa, mikanda myeupe.
Akauacha mfuko uelee, akawadondoshea maji mapya
tone kwa tone, saa nzima, amepiga magoti,
yeye ambaye kanisani magoti humuuma.

Usiku nasikiliza pumzi mbili:
ya pampu, na ya kifua cha mume wangu
chenye vumbi ambalo hakuna chujio la kulitoa.
Moja haipumziki.

Halafu Januari, theluji ikakata nyaya.
Alojzy alikuwa hospitali, amelazwa kwa vipimo.
Saa nane usiku kimya kikaniamsha.
Nikavuta mfarishi kitandani, nikaivika bahari.
Nikachukua upawa wa supu,
nikachota, nikamwaga kutoka juu, maji yashuke na hewa.
Nikampigia. "Usiwape chakula," akasema, akikohoa,
"wape pumzi tu."
Chota, mwaga.
Nilihesabu hadi elfu, nikaanza tena.
Niliwatukana samaki wale kwa Kisilesia cha bibi yangu,
maneno ambayo sikujua kama bado ninayo.
Chota, mwaga.
Karibu na alfajiri pampu ikapiga chafya, ikashika.

Siku mbili mkono haukuinuka kuchana nywele.
Aliporudi hakuvua hata koti.
Alihesabu: wawili, sita, mpangaji.
Kisha akaweka kidole kwenye kioo.
Juu ya jiwe, mahali ambapo hatukuweka kitu,
mnyoo ulikuwa umefungua unyoya mwekundu,
mdogo kuliko ukucha wa mtoto.
"Huyu hatukumnunua," akasema.

Nilikuwa jikoni, namenya viazi.
"Moja nukta sifuri mbili sita," nikamwambia.
Akageuka.
"Nimepima asubuhi. Maji yanaondoka,
chumvi haiondoki.
Kaongeze kikombe cha maji baridi,
na huo upawa unirudishie."