Mara Moja

Kufuli letu la Mabatini lina mkwaruzo mmoja,
pale kidole gumba cha Mhoja kinapopita.
Analivuta. Anashuka ngazi za mawe hadi kwa muuza mkaa,
anapanda tena. Analivuta.
Mimi nasubiri chini na mkoba wangu.

Kule mwaloni Kirumba alikuwa karani wa mizani.
Gunia la dagaa alilipima mara tano, mara saba;
kilo zilikuwa zilezile, yeye hakuwa yuleyule.
Wachuuzi walicheka kwanza. Baadaye wakaletewa karani mwingine.
"Mwaminifu kupita kiasi," alisema tajiri akimlipa siku za mwisho,
na mama akalipokea neno hilo kama cheti.

Mama: ni usafi tu, karithi kwa bibi yake.
Mjomba wa Magu: hapa kuna mkono wa mtu.
Mimi: acha basi.
Neno dogo. Nililitupa kila siku kama maganda ya ndizi.
Sikujua kuna sauti inayomwambia
umemgonga mtoto na baiskeli, rudi ukaangalie;
mikono yako ina sumu, usimguse mpwa wako;
na akirudi, akiangalia, akinawa hadi ngozi ipasuke,
inamuuliza: una hakika?

Usiku ule umeme ulikatika.
Tulikaa juu ya jabali nyuma ya nyumba,
jiwe bado lina joto la mchana,
taa za wavua dagaa zimetapakaa ziwani,
na yeye hakuzihesabu.
Hapo ndipo nilipoogopa.

"Nimechoka, dada." Akavua saa yake.
"Mpe Kulwa."

Watu husema ukilitaja jambo lile unaliita.
Lilikuwa limeshakuja, limekaa kati yetu.
Ulimi mkavu kama dagaa wa mchangani, nikauliza:
"Mhoja, unafikiria kufa?"

Mtu anayefunga mlango mara tisa,
anayerudia shikamoo asije akawa hakuisema vizuri,
alijibu mara moja.

"Ndiyo."

Sikumhubiria.
Nilishika ile mikono iliyopasuka; akaivuta; nikaishika tena.
Kulipopambazuka tukapanda kilima cha Bugando,
yeye mbele, mimi nyuma yake hatua moja.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua.
Aliuliza swali langu bila kushusha sauti,
kama anayeuliza umri.
Akasema ugonjwa huu una jina, una dawa, una mazoezi,
na wengi wanaougua hufika ukingoni
si kwa kuchukia kuishi,
bali kwa kuchoka kuthibitisha.
Mhoja akamwomba arudie. Akarudia.
Akaomba tena.
Daktari akapenga kamasi. "Mara ya tatu sirudii.
Hayo ndiyo mazoezi yenyewe."

Huu ni mwezi wa nne.
Kuna siku kufuli huvutwa mara mbili, kuna siku kumi na moja.
Siku za kumi na moja namuuliza tena lile swali.
Hukasirika. Hunijibu.

Jana aliniuliza saa yake iko wapi.